Kumuaga Kocha Aliyeomba Nyasi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, uliyetoka makao makuu ya Shirikisho la Bara ukapanda ndege mbili na teksi moja ili kuja kukata utepe wa Kituo chetu. Mheshimiwa Makamu wangu. Mheshimiwa Makamu wa Makamu wangu. Waheshimiwa Wajumbe wa Mkutano Mkuu. Wenyeviti wa kamati, wa kamati ndogo, na wa kamati zinazofuatilia kamati ndogo. Mke wangu mpendwa, Mratibu wa Viburudisho. Shemeji yangu, ambaye cheo chake kitajulikana kabla hatujatoka humu. Ndugu waandishi wa habari mliochagua kukaa karibu na chakula. Vijana wetu wa timu ya taifa mliosimama kule nyuma kwa kuwa viti havikutosha. Na mimi mwenyewe, Mwenyekiti wa Shirikisho la Kandanda, ambaye nisipojitaja hakuna atakayekumbuka kunitaja. Nadhani nimewagusa wote, na itifaki imekaa mahali pake.

(Sauti ya mwanamke, safu ya mbele: "Kocha hujamtaja.")

Ahsante, mama. Kwa wasiomfahamu, huyu ni mama mzazi wa kocha, ambaye hatukumwalika lakini amekuja, na kwa ukarimu wa Shirikisho amekalia kiti cha mwanawe, na mwanawe amesimama pembeni ya dirisha, jambo linaloonyesha malezi mazuri, hongera sana. Kocha nilikuwa namweka akiba, mama. Mtu muhimu hatajwi katikati ya umati.

(Makofi kutoka safu ya Makamu.)

Ndugu wajumbe, tumekusanyika katika ukumbi huu wa makao makuu kumuaga kocha wetu wa taifa, ambaye baada ya kutufikisha nusu fainali ya Kombe la Bara, mahali ambapo hatujawahi kufika tangu mpira uanze kuwa wa duara, ameomba kupumzika kwa hiari yake mwenyewe, hiari ambayo mimi binafsi nilimjulisha kwa simu jana jioni.

(Mama wa kocha: "Mwanangu hakuomba kupumzika. Aliomba nyasi." Kicheko, hasa kule nyuma.)

Mama, tulia. Wala sitakwepa hilo, kwa sababu uongozi wangu ni wa uwazi, na ndilo jambo lililotuleta hapa. Mnakumbuka wote, maana mlikuwa mmekodolea macho televisheni. Mechi imekwisha, kamera za bara zima zimemzunguka kocha, mtangazaji anamuuliza kwa heshima zote, kocha, nini siri ya mafanikio haya? Hapo mtu mwenye akili timamu angetaja jina langu. Angeweza hata kulikosea, ningemsamehe. Yeye akasema, nanukuu: "Siri hatuna. Hata uwanja wa mazoezi hatuna. Nikirudi nyumbani nitaomba nyasi." Mimi niko hotelini, kijiko cha supu kiko njiani, kikaishia kwenye tai. Nyasi, ndugu zangu. Mbele ya bara zima, kocha wa taifa anaomba kitu anachoombewa ng'ombe.

(Kicheko cha Makamu. Makamu wa Makamu anaanza kucheka, anatazama kushoto na kulia, anaacha.)

Na anasema hivyo wakati Shirikisho lilikwisha kuliarifu bara, kwa barua yenye nembo ya rangi, kwamba tunacho Kituo cha Taifa cha Umahiri wa Kandanda, mradi jumuishi, shirikishi, unganishi na endelevu, uliobuniwa kwa kufuata rodimapu ya mpango mkakati wa maono ya muda mrefu wa kati, kwa sinaji ya wadau wote wa infrastrakcha, na kukamilika kwa asilimia mia moja na kumi na mbili, hizo kumi na mbili zikiwa ni bidii yangu binafsi nje ya saa za kazi.

(Mgeni Rasmi anainua mkono: "Samahani, Mheshimiwa Mwenyekiti. Kituo chenyewe kiko umbali gani kutoka hapa?")

Swali zuri sana. Kiko karibu, mgeni wetu, karibu kiasi kwamba mtu akikosea mlango wa kwenda msalani, ameshafika. Tutakwenda pamoja, na mkasi umeshanolewa. Kwa sasa nikudokeze tu ubora wake, ili ukikiona usishtuke. Kwanza sakafu. Viwanja vya wenzetu vinahangaika na maji, mbolea, mashine za kukata, fundi wa kudumu. Sakafu yetu haitaki chochote kati ya hivyo. Ni imara. Mvua ikinyesha haichipui, jua likiwaka haikauki, na mchezaji akiangukia pale anakumbuka kwa muda mrefu kwamba hapaswi kuanguka tena. Ndiyo maana vijana wetu hawakujiangusha hata mara moja katika mashindano yote, na waamuzi walishangaa. Halafu mistari. Viwanja vya kawaida vina mistari michache ya kubahatisha. Kituo chetu kina mistari myeupe mingi kuliko uwanja wowote barani, yote imenyooka, imepangana sambamba, na kila nafasi ina namba yake.

(Sauti kule nyuma: "Mimi nilikuwa nacheza namba kumi na nne, jirani na pipa la takataka." Kicheko.)

Kijana, kaa kimya, unasimama kwa hisani. Kuna geti, linafunguliwa kwa kamba. Kuna mlinzi. Na kuna teknolojia, na hapa ninaomba waandishi waache sambusa kidogo, wanisikilize. Kituo chetu kina kifaa cha mazoezi kisicho na mfano, ambacho vijana wenyewe wamekibatiza Beki wa Chuma. Kililetwa kwa meli kutoka ng'ambo. Kina uzito wa tani moja na ushee. Hakichoki, hakidai posho, hakidanganyiki kwa chenga, na kimesimama katikati ya eneo la hatari tangu siku ya kwanza ya mazoezi hadi leo asubuhi. Nimekitoa mimi, kutoka kwenye matumizi yangu binafsi, kwa uzalendo tu.

(Wachezaji wanaegemeana mabegani, wanacheka hadi mmoja anachuchumaa. Dereva wa Mwenyekiti, safu ya tatu, anaangalia viatu vyake.)

(Mgeni Rasmi: "Kifaa hicho ningependa kukiona kabla ya utepe.")

Umeshakipita ukiingia, mgeni wetu, kwa kuwa akili yako ilikuwa kwenye mambo makubwa. Sasa matokeo. Dunia imeona. Katika mashindano yote, mpira wa timu yetu haukupanda juu ya goti. Pasi fupi, chini, miguuni. Mtu anapita kati ya mabeki wawili mahali ambapo hata sahani haipiti, anageuka ubavu, anaingiza tumbo ndani, anatokea upande wa pili na mpira wake. Mchambuzi mmoja wa televisheni alisema vijana hawa wanacheza kama watu waliolelewa kwenye sebule yenye vyombo vya wenyewe. Hiyo, ndugu wajumbe, ndiyo Falsafa ya Mpira wa Chini, na haikutoka kichwani kwa kocha. Ilitoka ofisini kwangu, kwa waraka rasmi, ambao hadi sasa umebandikwa ukutani karibu na geti, unaosema ni marufuku kabisa mpira kupaa ndani ya eneo la Shirikisho.

(Kocha, pembeni ya dirisha, anatabasamu kwa mara ya kwanza.)

Lakini uongozi bora haufichi mapungufu, hasa ya wengine. Nusu fainali tulitoka sare. Tukaenda kwenye mikwaju ya penalti. Nchi nzima imeshika kichwa. Na vijana wetu, mmoja baada ya mwingine, wakaenda wakaugusa mpira kwa adabu, kama wanamrudishia kipa kitu chake alichosahau. Nahodha ndiye aliyemaliza. Mnajua tangu siku ile mashabiki wanamwitaje. Wanamwita Taratibu. Ukipita naye sokoni wauza mitumba wanamwambia, Taratibu, usiikanyage hiyo. Sasa mimi nauliza mbele ya mgeni, ni kocha wa namna gani huyu, anayefundisha watu kila kitu, isipokuwa kupiga mpira kwa nguvu?

(Kocha, bila kupandisha sauti: "Mheshimiwa, tungepigia wapi?")

(Nahodha, kule nyuma: "Kosa si la kocha. Mpira niliuona, goli nililiona. Mguu ukaogopa. Miaka yote ya mazoezi ulikuwa unaambiwa uogope, na siku ile ukatii. Mkinifukuza mimi sawa. Yeye muacheni.")

(Mama wa kocha anageuka kumtazama Nahodha, anatikisa kichwa polepole, na machozi yanamlengalenga.)

Hayo ni maneno mazito, na ninayapeleka moja kwa moja kwenye Kamati ya Hisia za Wachezaji, ambayo nitaiunda. Tuendelee. Shirikisho halimwachi kocha aondoke mikono mitupu. Hapa mezani kuna mpira mpya kabisa, uliotiwa saini na Kamati yote ya Utendaji, mimi saini mbili. Na chini ya kitambaa hiki kuna kitu cha thamani zaidi, kitakachobeba jina lake katika Kituo hata akishasahaulika. Mtoa vitambaa, toa.

(Kitambaa kinatolewa. Ni bango dogo la bati lililoandikwa: NAFASI YA KOCHA. WENGINE MARUFUKU.)

Hiyo, kocha, ni nafasi yako ya kudumu. Itasimikwa katika namba kumi na nne. Na kwa kuwa wewe mwenyewe huna gari, tangu uje unakuja kwa miguu na begi la jezi mgongoni, nafasi hiyo kwa muda itatumiwa na kocha mpya, ambaye ni shemeji yangu, na yeye anayo mawili. Shemeji, simama watu wakuone. Huyu bwana ana uzoefu. Ameongoza timu ya idara ya stoo kwa mafanikio ya wastani, na anajua pia kupika chai ya watu wengi.

(Shemeji anasimama, anafunga kifungo cha koti, kinamkatalia, anakaa.)

Kwa hiyo kilichobaki ni kupitisha. Mnaijua Katiba yetu, niliyoiboresha kabla ya uchaguzi uliopita. Mtu akiondolewa kazini, Mkutano Mkuu lazima uulizwe, ndiyo au hapana, kwa sauti. Na kwa ibara ile niliyoiingiza mwenyewe, aliyekalia kiti cha Shirikisho ndani ya ukumbi huu ana kura, awe mjumbe, awe dereva, awe ndugu aliyepita tu kusalimia, na waliomo ukumbini ndio akidi, hata wakiwa wachache namna gani. Wapo waliosema ibara hii ni ya ujanja. Mimi nasema ni demokrasia ya kukaa. Ndiyo iliyonirudisha madarakani kwa asilimia mia moja na nne.

(Makofi ya ndugu za Mwenyekiti, safu ya pili hadi ya tano.)

(Mjumbe mmoja mzee, akisimama: "Mwenyekiti, kabla hatujapiga kura. Tuseme ukweli. Mpira ule wa chini ulibuniwa na huyu kijana. Bila yeye tusingefika popote. Mimi ningemwacha kocha abaki.")

Bila yeye? Mjumbe, nakuheshimu, lakini umenigusa pabaya. Bila yeye. Mimi nimevumilia kila gazeti likiandika kocha, kocha, kocha. Nyumbani kwangu mwenyewe mtoto wangu amebandika picha ya kocha chumbani, ya kwangu iko koridoni. Sasa nitasema, na liwe liwalo. Nani alisimama katikati ya eneo la hatari mvua na jua? Ni nani aliyewalazimisha vijana hawa wapitishe mpira mahali pembamba, wageuke ubavu, wasiupaishe, wasipige kishamba? Madereva wengine wote, kila jioni, wakipigiwa filimbi na mlinzi wanasogeza magari yao ili vijana wapate kufanya mazoezi. Mimi nilikataa. Dereva wangu ni shahidi. Alikuja akaniambia, bosi, tusogeze kidogo tu, wanashindwa kuzunguka. Nikamwambia gari la Mwenyekiti halisogezwi. Lilikaa palepale na litakaa palepale. Kocha akawaambia vijana, atakayeligusa gari la Mwenyekiti safari hana. Basi wakajifunza. Kwa hiyo kama ni kumtafuta aliyebuni Mpira wa Chini, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ni gari langu.

(Mgeni Rasmi anautazama mkasi mkononi mwake, kisha anatazama nje ya dirisha, kwa muda mrefu. Kisha anaanza kutikisika mabega. Halafu safu nzima inacheka, halafu ukumbi mzima, mpaka kamera ya televisheni inayumba.)

Naona mmefurahi. Ndivyo ukweli ulivyo, ukisemwa vizuri unaburudisha. Tuingie kwenye kura.

(Nahodha anatembea kutoka nyuma hadi mezani. Anauchukua mpira wenye saini. Anamwambia Mwenyekiti, "Naazima kidogo, mzee," anatoka nao nje. Wachezaji wote wanamfuata, na wanapopita dirishani wanamchukua na kocha, mmoja mkono huu, mwingine ule.)

Waacheni waende, hawana viti. Kura ni ya waliokaa. Nauliza sasa, kwa mujibu wa Katiba. Wanaokubali kwamba kocha wetu aondoke, na nafasi yake ichukuliwe na shemeji yangu, waseme

(Kishindo kutoka nje. Kisha kioo. Kisha king'ora cha gari, kirefu, cha kupanda na kushuka. Sauti za vijana uani: "Taratibu kapiga! Taratibu kapiga!" Ukumbi unaruka juu kama bao limeingia.)

Tulieni. Kaeni. Hicho ni king'ora cha gari tu. Ni gari la

(Mwenyekiti anatambua mlio. Kishindo cha pili. King'ora cha pili, chembamba zaidi. Shemeji: "Langu hilo." Anatoka mbio. Makamu anapapasa funguo mfukoni, anatoka mbio. Makamu wa Makamu anamtazama Makamu, anatoka mbio. Safu ya pili, ya tatu, ya nne na ya tano, kila mwenye gari na kila aliyekuja kwa gari la mwenzake, wanabanana mlangoni. Mke wa Mwenyekiti anawafuata na trei. Wajumbe wasio na magari na waandishi wanatoka kutazama, kamera inabaki kwenye miguu yake. Mjumbe mzee anamshika mkono Mgeni Rasmi, wanatoka pamoja wakicheka kama watu waliosoma darasa moja.)

Ndugu wajumbe, naomba tusivunje utaratibu. Kura imeshaitishwa na kura ikishaitishwa haiahirishwi, ibara hiyo pia ni yangu. Sistimu lazima ifuate prosesi. Narudia. Wanaokubali kocha aondoke, waseme ndiyo.

(Feni inazunguka juu ya viti vitupu.)

Dereva. Dereva wangu yuko wapi? Naye ametoka. Haya. Mimi ningesema ndiyo, lakini nimesimama, na Katiba inataka aliyekaa. Nikikaa, hakuna anayeendesha kikao. Wasiokubali, waseme hapana.

(Mama wa kocha, peke yake kwenye safu ya mbele, mkoba mapajani: "Hapana.")

Mama, wewe si mjumbe.

(Mama wa kocha: "Nimekalia kiti cha Shirikisho, baba. Umesema mwenyewe, kwa ukarimu.")

Nimesema. Ni kweli nimesema, na kamera ile bado inawaka taa nyekundu. Basi, kwa mamlaka niliyojipa, natangaza matokeo. Waliosema ndiyo, hakuna. Waliosema hapana, mama mmoja. Hoja imeanguka kwa asilimia mia moja, na kocha anaendelea na kazi, jambo ambalo, kama mnavyokumbuka, nimelipigania tangu mwanzo.

(Mama wa kocha anainuka, anaenda dirishani, anaita: "Mwanangu, unabaki." Uani kelele zinazidi ving'ora. Kwa dirisha anaonekana kocha juu ya mabega ya watu, akimwonyesha Nahodha kwa kidole jinsi ya kuegemeza mwili wakati wa kupiga.)

Nimalizie, maana hotuba isiyomalizwa ni uharibifu wa karatasi. Ninaposema Mpira, jibuni Chini. Mpira? Hamko. Ninaposema Kituo, jibuni Kipo. Kituo?

(Mama wa kocha, akiwa bado dirishani: "Kiko wapi?")

Ahsante, mama, kwa ushiriki. Namshukuru Mgeni Rasmi, namuona pale anapima uani kwa hatua na kuuliza nyasi zinapandwaje juu ya zege. Namshukuru mtoa vitambaa. Na zaidi ya wote nawashukuru madereva wa Shirikisho, ambao bila moyo wao wa kusogeza magari kila siku Kituo cha Taifa cha Umahiri kisingekuwepo, na kusema kweli hata muda huu hakipo, kwa hiyo anayetaka kukiona asitoke sasa hivi, asubiri saa kumi jioni, ofisi zikifungwa na magari yakaondoka.